Herufi Nne Kutoka Malindi

Siku ya mnada wa mifugo, barabara inayopita Garsen kuelekea Lamu hugeuka kuwa zizi. Mabasi ya Malindi hupiga honi nyuma ya mbuzi wasiosikia, wanunuzi hugusa migongo ya ng'ombe kwa fimbo zao, na vumbi jeupe hutua juu ya mikate, juu ya nyama na juu ya nyusi za watu. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekosekana kwa msimu wa nne. Ng'ombe walioletwa mnadani walisimama kwa kuegemeana.

Dado alikuwa ametoka kuuza maziwa. Alivaa deraa la manjano lililopauka mabegani na mtandio wa buluu, na mkononi alibeba kibuyu chake kilichonukia moshi wa kufukizia. Fahali mmoja aliyelegea miguu alianguka mbele yake. Watu wakarudi nyuma kwa pamoja, na Dado akasukumwa mpaka kwenye ukuta wa kibanda cha mabati. Alipojitenga na ukuta, herufi kubwa nyekundu ilikuwa imehamia ubavuni mwa deraa lake.

"Rangi haijakauka," alisema kijana aliyesimama hapo na brashi.

"Sasa ndiyo unaniambia."

"Nilikuwa naandika. Sikujua kuna mtu atakayekuja kusoma kwa ubavu."

Dado akajitazama. "Ni M," alisema. "Hiyo naijua. Ni mama, ni maziwa, ni mbuzi. Na hili ni deraa langu la pekee la kuja mjini."

Kijana huyo aliitwa Ubeid, mtu wa Kipini, mwembamba, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hata siku ya vumbi. Alikuwa akiuza nyimbo. Watu walimletea kadi za simu na za redio, naye akawajazia kutoka kwenye kompyuta yake. Nyimbo za taarabu na kaswida walizitaja kwa majina. Za Kizungu zilimpa taabu, kwa kuwa wachungaji walizipenda lakini hawakuweza kuyatamka majina yake. Ndipo Ubeid alipobuni njia yake. Alizigawa nyimbo hizo kwa herufi ya kwanza ya jina, akaziandika herufi ukutani, na mteja akawa anasema tu, "Nipe M kumi, nakwenda malishoni mwezi mzima," au, "Nipe S, lakini zisiwe za kelele, ndama wanashtuka." M na S zilinunuliwa zaidi, kwa hiyo alizichora juu kabisa. Q na X zilikuwa chini, karibu na ardhi, mahali ambapo mbuzi walijikuna.

"Kwa hiyo unauza herufi," alisema Dado.

"Nauza nyimbo. Herufi ni mlango tu."

"Na ile ya K, ndani yake kuna nini?"

Aliuliza K kwa sababu alikuwa na kazi ya darasani. Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya adhuhuri, Dado alihudhuria masomo ya watu wazima katika ukumbi wa mji. Hakuwahi kupelekwa shule utotoni. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na mwalimu wao, Bwana Kavumbi, alikuwa amewafundisha kwanza a, e, i, o, u, kisha m, kisha k, kwa utaratibu wa kitabu chao. Kila wiki aliwatuma waitafute mjini herufi waliyojifunza.

Ubeid akamchezea wimbo wa K. Dado alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Huyu hasemi K. Anasema N."

"K imeandikwa, ila haitamkwi. Imenyamaza."

"Basi imekaa pale kufanya nini?"

"Wazungu ndivyo walivyo."

"Kama shahidi aliyeahidiwa mbuzi," alisema Dado, na Ubeid akacheka hata brashi ikamdondoka mkononi.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila herufi aliyofundishwa, Dado aliipeleka kibandani, na kila mara alitoka na wimbo mmoja kwenye kadi yake. Maneno ya nyimbo hakuyaelewa, kwa hiyo alizipa majina yake. Mmoja ulikuwa wa mwanamume mwenye mafua. Mwingine ulikuwa wa mama aliyepotelewa na ufunguo. Kulikuwa na wa L ambao Ubeid alisema ni wa mapenzi, na Dado akabisha kwamba yule anaomba maji.

"Wewe wajuaje?"

"Sauti ya mtu mwenye kiu naijua. Njoo kwetu usikie."

Jioni walizungumza kwa simu. Dado alikuwa akipanda kichuguu nyuma ya nyumba za watu wake, mahali ambapo mtandao ulishika.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na wewe enda ukale."

"Nenda. Si enda. Mwalimu Kavumbi hajakwambia?"

"Amesema. Kitabu kinasema nenda, Garsen inasema enda. Mimi naishi Garsen."

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hiyo enda yako. Ina miguu."

"Enda ulale, Ubeid," alisema Dado, na alipokata simu alibaki kichuguuni akitabasamu gizani kama mwehu.

Siku moja Ubeid alimpa wimbo wa D. Siku ya pili A, ya tatu D tena, ya nne O. Dado aliziandika katika daftari, akaliona jina lake mwenyewe. Wiki iliyofuata ikaanza N, kisha A, kisha K.

"Unasema nakuja?" aliuliza Dado.

"Ngoja kesho."

Kesho yake ikawa U. "Nakufa?"

"Kuna mtu anakufa akiwa amevaa shati kama hili?"

Herufi ya tano hakuijua. Darasani hawakuwa wameifikia. Alikwenda kwa Mwalimu Kavumbi kabla ya kipindi na kumwomba amfundishe herufi yenye fimbo na tumbo juu. "Hiyo ni P," alisema mwalimu. "Mna haraka ya kwenda wapi?" Dado alikuwa ameshafika mlangoni. Siku nne zilizobaki alikuwa akipita mbele ya kibanda bila kuinua macho, akinyoosha kadi yake tu, na Ubeid aliiweka A ya mwisho bila mzaha wowote.

Wazee wa Ubeid walipanda kutoka Kipini kupeleka posa kwa Nuh, kaka yake Dado, ambaye ndiye aliyeishika nyumba tangu baba yao kufariki. Walifika wakati mbaya. Kila alfajiri Nuh alikuwa akifunga kamba kwenye miguu ya ng'ombe aliyekufa usiku na kumburuta mpaka bondeni, na alipomaliza alinawa mikono akarudi kuwahesabu waliobaki. Aliwakaribisha wageni vizuri. Aliwapa chai bila maziwa, akaomba radhi kwa hilo, kisha akasema, "Kijana wenu ni mtu mwema. Lakini anauza sauti. Mimi nataka kuanza zizi upya."

Mtu aliyeweza kumwanzishia zizi alikuwa Aden, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanighi, mjane wa miaka arobaini na sita. Malori yake yaliwahi kuhamisha ng'ombe kabla nyasi hazijaisha, na mitamba, ng'ombe majike wachanga, alikuwa nao. Alimwona Dado mara mbili sokoni. Alituma watu, akakubaliwa.

Dado alipanda kichuguuni kwa mara ya mwisho.

"Ubeid, Nuh amenipa kwa Aden."

"Aden gani?"

"Aden wa malori. Baada ya Ijumaa mbili."

Ubeid alizima wimbo uliokuwa ukicheza. Kisha akasema, "Na wewe wasemaje?"

"Kama ningekuwa na la kusema kwa Nuh, ningekuwa nimepanda huku kwa mbio namna hii? Sikiliza. Babu yangu Gedi yuko Malindi, kwa shangazi. Alikwenda kutibiwa macho. Yeye ndiye mzaa baba. Akisema yeye, Nuh hana mdomo. Mwendee. Muulize kama atanioza."

"Naondoka kesho. Jibu nitakupigia."

"Simu hii sijui kama nitaachiwa."

"Basi nitaandika kwa njia yetu. Utasoma?"

"Nitasoma. Ni wewe uliyenifundisha P."

Nyuma yake palikuwa na hatua. Nuh alichukua simu kutoka mkononi mwake, bila kumpiga wala kupaza sauti, akaifungua mgongo, akatoa laini na kuitia mfukoni. Simu yenyewe akamrudishia. "Sikiliza nyimbo zako," alisema. "Kwenda mjini sasa basi."

Huko Malindi, Mzee Gedi alimpokea Ubeid akiwa na kitambaa cheupe juu ya jicho lililopasuliwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza jina la baba yake na la babu yake.

"Nuh ni mjukuu wangu na Dado ni mjukuu wangu," alisema. "Maneno ya simu siyataki. Yule aje hapa, asimame mbele yangu, aseme kwa kinywa chake. Akisema anakutaka, nitamwoza mimi."

"Nirudi nimlete, babu?"

"Ukimleta wewe, Nuh atasema umemteka, na vijana watachukua fimbo. Kaa hapa. Apande basi mwenyewe."

Ubeid aliingia katika duka la kompyuta karibu na stendi. Alihitaji neno fupi la kumwambia Dado aende kwa babu yake, nyimbo chache zisizojaza kadi. Aliandika NENDA katika karatasi, kwa kuwa kwao ndivyo wasemavyo. Akaitazama. Sauti iliyomjia masikioni haikuwa ya kwao. Ilikuwa ya kichuguuni, yenye miguu. Akaikata N ya kwanza. Akachagua wimbo wa E, wa N, wa D na wa A, akazipanga moja baada ya nyingine kwenye kompyuta, akazitia kwenye kadi na kufuta kila kitu kingine ili Dado asije akachanganyikiwa. Kadi akampa kondakta aipeleke kwa Dama, mama wa Kigiriama aliyepika chai stendi ya Garsen na ambaye kila asubuhi alikwenda nyumbani kwa akina Dado kuchukua maziwa machache yaliyokuwa yakipatikana. Dama hakuambiwa jambo. Ubeid hakutaka ahojiwe na Nuh kwa lolote.

Jambo moja Ubeid hakulijua, wala Dado hakulijua. Siku zote walikuwa wakitumiana wimbo mmoja kwa siku, na siku zenyewe ndizo zilizopanga maneno yao. Safari hii nyimbo nne zilikwenda pamoja. Na simu ya Dado, kama zilivyo simu nyingi, haikuwa na habari ya nani alipanga nini. Yenyewe ilizipanga nyimbo kwa mfuatano wa alfabeti.

Dama alimkuta Dado jikoni pamoja na mke wa Nuh, ambaye siku hizo hakumwacha peke yake.

"Wimbo zako hizi, mwanangu. Yule kijana ametuma."

Mke wa Nuh aliichukua kadi, akaigeuza, akaona ni ya nyimbo, akampa. Dado aliitia katika simu. Mikono yake ilikuwa na unga. Orodha ikatokea, mistari minne, na akasoma herufi ya kwanza ya kila mstari polepole, kwa kidole, kama alivyofundishwa.

A. D. E. N.

Akasoma tena kutoka mwanzo. Lilikuwa jina la mtu, kamili, halikupungukiwa na herufi.

"Hakusema neno lingine?" aliuliza.

"Hakusema. Kondakta anasema ni wimbo tu, zote ziko humo." Dama akamtazama usoni. Mke wa Nuh alipoinama kuchochea moto, akanong'ona, "Simu ninayo hapa kifuani. Nimpigie?"

Dado alifuta unga mikononi, kidole baada ya kidole.

"Usimpigie. Sina swali."

Kesho yake, Alhamisi, Ubeid alisimama stendi ya Malindi tangu saa nne. Alivaa shati jipya la rangi ya maziwa na kanzu yake ilikuwa imekunjwa kwenye mfuko kwa ajili ya jioni. Basi la Garsen lilishusha wanawake kumi na mmoja, naye akawatazama wote. Siku ya Ijumaa lilishusha sita. Jumamosi alimpigia Dama.

"Alipata kadi?"

"Alipata. Mimi mwenyewe nilimpa."

"Alisikiliza?"

"Alitazama, akasoma kwa kidole. Nikamwambia nikupigie. Akasema hana swali."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, baba. Hana swali."

Ubeid alirudi kwa Mzee Gedi, akakuta mzee ameketi barazani, amevaa kofia yake nzuri, na jicho lake moja limeelekezwa njiani. Hakuweza kumwambia kitu isipokuwa, "Hatakuja, babu." Harusi ya Nanighi ilifanyika Ijumaa iliyokuwa imepangwa. Mitamba waliletwa kwa lori. Nusu yao walikufa kabla ya mvua.

Nyumba ya Aden ilikuwa ya mawe, yenye tangi la maji na mlango wa bluu. Dado alikaa humo kama mgeni anayejua adabu. Alipika, alifagia, alijibu alipoulizwa. Aden hakuwa mtu wa maneno mengi. Akirudi safari alimletea kitambaa au tende, akaviweka juu ya meza bila kusema ni vya nani. Mwaka wa pili walipata binti, wakamwita Hibaq. Mwaka huo mvua zilikuja kwa hasira, mto ukaacha njia yake, na habari zikafika kwamba nusu ya Garsen imelala majini.

Nyimbo nne hakuzifuta. Hakuzicheza pia.

Hibaq alipoanza kutembea, darasa la watu wazima lilifunguliwa Nanighi, na Aden akasema, "Kama unataka, enda." Mwalimu wa huko alikuwa mwanamke kijana, na kwa kuwa wanafunzi kadhaa walikuwa wameshajua kusoma, siku moja alileta kamusi. Aliwaambia walitafute neno kibuyu. Wakafungua hapa na pale, wakakosa.

"Msitafute kwa bahati," alisema mwalimu. "Maneno yamesimama kwa foleni. A iko mbele, halafu B, halafu CH, halafu D, halafu E. Ni foleni hiyo hiyo kila mahali. Hata majina katika simu zenu. Abdi yuko juu, Zeinabu yuko chini. Hakuna aliyeyapanga, simu imeyapanga yenyewe."

"Na nyimbo?" aliuliza Dado.

"Hata nyimbo."

Wanafunzi wengine waliendelea kutafuta kibuyu. Dado alikunja daftari lake, akasema mtoto atakuwa ameamka, akaenda nyumbani. Mtoto alikuwa amelala. Alimwaga unga juu ya sinia, akaandika kwa kidole herufi nne, akazifuta, akaziandika kwa namna nyingine. NEDA halikuwa neno. DENA halikuwa neno. Mara ya tatu hakuhitaji kumaliza. Alikaa mbele ya sinia mpaka Hibaq alipoamka na kulia, na hata hapo hakuinuka upesi.

Wiki iliyofuata alimwambia mumewe anakwenda Garsen kumsalimu Nuh. Alimwacha mtoto kwa jirani. Kibanda cha mabati hakikuwepo tena. Maji yaliondoka nacho. Ubeid alikuwa na duka la mawe la kutengeneza simu, na ukutani hakukuwa na herufi, kwa sababu watu sasa walijichukulia nyimbo wenyewe hewani. Mwanamke mjamzito, mwenye buibui safi na uso mpole, alikuwa akipanga vifuniko vya simu kwenye kioo. Alikuwa Muna, mke wake.

Ubeid aliinua kichwa. Bisibisi ikabaki imesimama mkononi mwake.

"Huyu ni Dado," alimwambia mkewe.

Muna alimtazama mgeni, akamtazama mumewe. "Nitawaletea chai ya Dama," alisema. "Pale huwa na foleni. Nitachelewa kidogo."

Alipotoka, Dado hakuketi.

"Uliandika enda," alisema.

"Niliandika enda."

"Simu ikaandika Aden."

Ubeid hakuelewa. Dado akachukua kalamu iliyokuwa juu ya kioo, akaandika herufi nne juu ya risiti, na chini yake zile zile kwa mfuatano wa alfabeti. Ubeid, ambaye alikuwa ametengeneza simu elfu, aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu kama mtu asiyejua kusoma.

"Nami nikadhani umeniambia niolewe naye," alisema Dado. "Nilisema, hata neno la kwaheri hakulitafuta. Ametaja jina la mtu, basi."

"Nami nilidhani umewataka wale mitamba."

"Ningewataka mitamba ningepanda kichuguu?"

"Dama alisema huna swali."

"Sikuwa na swali. Nilikuwa na hasira." Akaiweka kalamu mahali pake. "Ungeandika nenda, kama watu wa Kipini, zingekuwa herufi tano. N mbili. Ningeshtuka. Ningeuliza."

"Niliandika nenda kwanza."

"Kisha?"

"Nikaikata N. Wewe hukuwa ukisema nenda."

Nje lori lilikuwa likishusha mbuzi, mmoja mmoja, na mtu akiwahesabu kwa Kisomali. Dado aligeuza uso akawatazama mbuzi mpaka macho yake yakatulia.

"Babu yako alikaa barazani siku tatu," alisema Ubeid. "Amevaa kofia."

"Kifo chake nilikijua. Baraza sikuijua."

"Omba talaka. Sisemi kwa mzaha. Nenda kwa kadhi, eleza yote. Muna ni mtu mwenye imani, nitazungumza naye, dini inaruhusu. Dado, laazizi..."

"Usiliseme hilo. Mwenye hilo amekwenda kukuletea chai."

"Kwa hiyo ulikuja kufanya nini?"

"Kukwambia sikukuacha. Miaka yote hii ulikuwa ukiamini niliuzwa nikafurahi. Sikutaka ufe ukiamini hilo."

"Na baada ya kunijulisha, mimi nifanye nini?"

Muna alirudi na vikombe vitatu juu ya sinia. Dado alikunywa chake chote akiwa amesimama, akamshukuru, akamtakia uzazi salama, na akatoka. Basi la Malindi lilikuwa limesimama upande wa pili wa barabara, mlango wazi, kondakta akiita. Alilitazama mpaka likaondoka. Kisha akapanda gari la Bura, la kurudi Nanighi.

Aden alikuwa uani akitawadha alipofika. Alishika birika kwa mkono wa kushoto na mikono ya shati lake ilikuwa imekunjwa. Dado alimwambia yote hapo hapo, tangu ukuta wenye rangi mbichi mpaka vikombe vitatu. Alipomaliza, maji yalikuwa yamekwisha katika birika na Aden alikuwa bado ameliinamisha.

"Ungekwenda Malindi?" aliuliza.

"Ningekwenda."

"Na leo umerudi kwa ajili ya mtoto."

"Kwa ajili ya mtoto. Na wewe hujanifanyia ubaya."

Aden aliweka birika chini. "Mimi niliuliza," alisema. "Nisikilize. Kabla sijatoa hata mtamba mmoja, nilimwambia Nuh amuulize msichana kwanza. Akaja akaniambia, nimemtajia jina lako, amenyamaza. Sisi kwetu msichana akinyamaza amekubali. Sheikh alisema hivyo hivyo. Nilifurahi sana siku ile, Dado. Nilimnunulia kila mtu soda."

Dado alikumbuka. Ilikuwa siku ya unga, baada ya kadi. Nuh alisimama mlangoni akauliza, na yeye hakujibu, kwa sababu hakuna neno lililokuwa limebaki mdomoni mwake.

"Kunyamaza kule hakukuwa kwako," alisema.

"Sasa nimejua." Adhana ilikuwa imeshaanza msikitini, lakini Aden hakuondoka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayebeba kitu kizito na kutafuta pa kukishusha. "Nikikuuliza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, unanitaka au hunitaki, utajibu?"

"Nitajibu."

"Ukisema hunitaki, nitakuandikia talaka, na Hibaq atakaa na wewe. Nimesema mbele ya adhana."

Dado alifungua kinywa. Aden akainua mkono haraka.

"Usijibu leo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo umetoka kwake."

Alikwenda msikitini. Aliporudi alichukua mkeka wake, akautandika nje ya mlango wa bluu, akalala hapo. Na kesho yake pia, na siku zilizofuata, mpaka majirani wakaanza kuuliza kama nyumba ina joto. Kila asubuhi alisimama uani mbele ya mkewe, fimbo ya mbuzi mkononi, na akajiandaa kuuliza. Kila asubuhi alimtazama usoni, akaogopa, akaenda zake machungani. Na Dado, ambaye sasa alikuwa na jibu, alibaki mlangoni akimngoja aulize.